Shimo Lenye Milango Miwili

Kila asubuhi kisiwani, kazi ya kwanza ya Rereata ilikuwa kusukuma boksi la marehemu babu. Lilikuwa boksi la chuma, zito, kubwa kama oveni ndogo ya mkate, na siku hizi kazi yake ilikuwa moja tu: kuuzuia mlango wa kibanda usipigwepigwe na upepo wa kusini. Zamani lilikuwa limefungwa ndani ya mashua ya babu. Lilipokea mawimbi ya setilaiti na kumwonyesha babu mahali alipo baharini, huku likimaliza betri ya mashua. Liliharibika kabla mama yake Rereata hajaolewa, lakini Bibi Ripeka alikataa katakata litupwe.

"Sukuma, mke mwenzangu, sukuma!" Bibi alimtania kutoka jikoni. "Babu yako alilibeba peke yake, tena akipiga mluzi."

"Babu hakuwa na miaka kumi na miwili, Bibi."

"Wala hakununa asubuhi namna hiyo. Njoo unywe uji."

Ulikuwa mwezi wa Aprili, msimu wa ndege. Kila mwaka mwezi huo, familia zenye haki ya visiwa vile vya kusini mwa kisiwa cha Rakiura huacha nyumba, shule na ofisi, zikavuka bahari kwenda kuvuna makinda ya ndege wa baharini wanaotaga chini ya ardhi. Ndege wazima hawaguswi. Wanaochukuliwa ni makinda walionona tu, tena kila familia kwenye eneo lake, kama walivyofanya wazee wa wazee wao. Mama yake Rereata alikuwa amebaki mjini kazini, lakini Rereata asingekosa msimu huu kwa lolote. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, Bibi alikuwa amempa fimbo yake mwenyewe ya kupimia mashimo.

Binamu yake Teone, aliyemzidi mwaka mmoja, alipewa fimbo yake mwaka uliopita. Tangu hapo alikuwa hamwachi mtu apumue.

"Jana nilileta ishirini na wawili," alisema Teone, mdomo umejaa mkate. "Wewe ulileta wangapi vile? Kumi na tisa? Au mmoja alikuwa jiwe?"

"Subiri leo jioni," Rereata alimjibu. "Utakula maneno yako bila chumvi."

"Kabla hamjala chochote," alisema Mjomba Rawiri, baba yake Teone, "nikumbusheni sheria ya utepe."

Wote wawili waliimba kwa pamoja, kwa uvivu: "Shimo lenye utepe wa buluu haliguswi."

Mjomba Rawiri, ndugu wa mama yake Rereata, alikuwa akifundisha chuo kikuu, na mwaka huu alikuja na kazi ya ziada. Kwa miaka kadhaa makinda walikuwa wanazidi kukonda, na familia zote visiwani zilitaka kujua sababu. Je, wazazi wao walikuwa wanaenda mbali zaidi kutafuta chakula? Wapi? Mjomba alikuwa amewavisha ndege wawili wazima, mmoja kwa kila shimo la utepe, kipokezi cha setilaiti mgongoni. Teone alikiita "haragwe," kwa kuwa kilikuwa kidogo kama haragwe kubwa, na uzito wake haukuzidi sarafu ya senti hamsini.

Bibi Ripeka hakuipenda habari hiyo tangu mwanzo. "Ndege si punda," alisema siku ile ya kwanza. Alikubali kwa sharti moja: kinda mmoja tu akidhurika kwa ajili ya mzigo ule, kazi hiyo ingekoma katika eneo lake.

"Mama, zamani ungekuwa na haki ya kukataa," Mjomba alimweleza. Aliligonga boksi la babu kwa kidole. "Kipokezi kilikuwa hiki hapa. Miaka ya baadaye kikawa kama tofali, kisha kama pakiti ya sigara, na hapo ni albatrosi tu aliyeweza kukibeba. Sasa ni gramu tano. Kinaamka kila robo saa, kinasikiliza setilaiti kwa sekunde chache, kinaandika, kinalala tena."

"Na kinakupigia simu kukwambia ndege yuko wapi?" Rereata aliuliza.

"Hapo ndipo penye gharama, mjomba wangu. Ukitaka kitu kiwe kidogo lazima ukinyang'anye kitu fulani. Hiki kimenyang'anywa sauti. Hakina betri ya kutosha kutuma hata neno moja. Yote kinayoyajua kinayaweka tumboni mwake, mpaka ndege arudi kumlisha mtoto wake na sisi tumkamate."

Ndege wa kwanza alikuwa amesharudi. Haragwe lake liliingia maji, na ndani hakukuwa na kitu. Kwa hiyo tumaini lote lilibaki kwa yule wa pili, na kila asubuhi Mjomba alikwenda kuvitazama vijiti vyembamba alivyovipanga kwenye mlango wa shimo lake. Vikiwa vimesimama, ndege hajaingia. Vikianguka, amekuja.

* * *

Jumanne ile ilikuwa na manyunyu. Rereata aliingia msituni peke yake, akilala kifudifudi mbele ya kila shimo, akipima kwanza kwa fimbo, kisha akiingiza mkono mpaka begani. Udongo ulikuwa baridi na mweusi. Mashimo mengi yalikuwa matupu. Hadi saa mbili asubuhi gunia lake lilikuwa na makinda watano tu, na kwa mbali alimsikia Teone akiimba, jambo ambalo Teone hulifanya akiwa na bahati.

Chini ya mzizi mnene alikuta mdomo wa shimo ambao hakuwahi kuuona. Akaingiza mkono. Vidole vyake viligusa manyoya laini, kisha kitu kikamdona kidoleni. Akamvuta nje kinda mnene kuliko wote wa siku ile.

Hapo ndipo alipouona utepe wa buluu. Ulikuwa upande wa pili wa mzizi, hatua mbili hivi, ukipepea juu ya kijiti. Rereata alizungusha fimbo yake ndani ya shimo, na ncha ikatikisa jani kwenye mlango wenye utepe. Lilikuwa shimo moja lenye milango miwili. Mjomba alikuwa ameona mmoja tu.

Kinda alikuwa mzima mikononi mwake, moyo wake ukipiga mbiombio. Kumrudisha kungechukua muda wa kupiga chafya. Rereata alijua hivyo wakati ule, na baadaye, kila alipojaribu kujidanganya kwamba hakujua, hakuweza. Alitazama kushoto na kulia. Alimsikia Teone akiimba. Akajiambia: mlango huu hauna utepe. Sheria inasema shimo lenye utepe, na mimi sikuingiza mkono kwenye utepe.

Akammaliza kinda yule haraka, kama Bibi alivyomfundisha, na kumtia gunini.

Alipiga hatua kumi, akarudi. Kitu kilikuwa kimeanza kumkwaruza rohoni. Akavunja vijiti vinne vyembamba na kuvisimamisha kwenye mlango ule wa siri, kama Mjomba anavyofanya kwenye ule mwingine. Hakujua kwa nini anafanya hivyo. Labda alitaka tu kujua kama mzazi yule angekuja na kukuta patupu.

Jioni hesabu ilikuwa ishirini na watatu kwa Rereata, ishirini na mmoja kwa Teone. Teone alivua kofia na kumpigia goti kwa mzaha. "Malkia wa mashimo! Nifundishe kazi, malkia!"

"Niache bwana," alisema Rereata.

"Ebo! Umeshinda, mbona umefura kama uliyeshindwa?"

Kwenye banda la kazi walikaa wote wanne kunyonyoa. Manyoya yaliruka kila mahali, nta ilichemka kwenye pipa, na makinda walionyonyolewa walitumbukizwa humo ili vinyoya vidogo vilivyobaki vitoke. Rereata alimjua kinda wake kwa unene wake. Alimnyonyoa mwenyewe, hakutaka mtu mwingine amguse. Alipokwisha kupakwa chumvi na kupangwa ndani ya ndoo pamoja na wengine, hakutofautiana nao tena hata kidogo. Rereata alidhani hapo moyo ungetulia, lakini haukutulia.

* * *

Jumatano alikwenda kuvitazama vijiti alfajiri, kabla ya Mjomba. Vilikuwa vimesimama, vya utepe na vyake mwenyewe. Alirudi tena mchana. Alirudi tena jioni, akisingizia kutafuta glovu. Kila mara alipumua, kwa sababu ndege alikuwa bado hajaja, na kila mara alijichukia, kwa sababu ndege angekuja tu. Angetua gizani na tumbo lililojaa chakula, angeita, na asingejibiwa. Baada ya siku chache angekata tamaa, angeungana na wenzake na kuondoka kwenda kaskazini ya mbali, na haragwe mgongoni na siri zote tumboni mwa haragwe.

Siku hiyo hakuvuna zaidi ya makinda tisa. Aliogopa kuingiza mkono.

"Mikono imechoka, mke mwenzangu?" Bibi alimuuliza.

"Kidogo, Bibi."

"Basi leo lala mapema." Bibi alimwekea kipande kikubwa zaidi cha nyama ya ndege, na viazi, na kabichi. Wema ule ulimuuma Rereata kuliko ambavyo ukali ungemuuma.

Alhamisi mchana Mjomba Rawiri alirudi kutoka msituni akiwa na udongo mkono mzima mpaka begani. Hakuvua buti. Alikaa kwenye boksi la babu.

"Kinda hayumo," alisema. "Nimepapasa shimo lote. Hayumo."

"Wale ndege wala nyama wa msituni wamemchukua?" Bibi aliuliza.

"Vijiti vimesimama, Mama. Hakuna kilichoingia wala kutoka mlangoni. Nadhani alikufa njaa, akafukiwa na udongo huko ndani. Wazazi wote wawili walikuwa wakimlisha vizuri mpaka nilipomvisha mmoja mzigo." Alisugua uso kwa mkono msafi. "Nilisema gramu tano si kitu. Mimi ndiye niliyesema."

Rereata alikuwa akimenya viazi. Alikimenya kiazi kimoja mpaka kikabaki kidogo kama gololi.

Bibi hakupandisha sauti. "Tuliahidiana, Rawiri."

"Tuliahidiana. Saa kumi na mbili jioni, kwenye redio, nitawaambia wenzangu wa visiwa vingine wasivishe ndege tena. Nitaandika kwamba hata hiki kidogo ni kizito mno." Akatoa daftari lake mfukoni na kuandika, akisema maneno kwa sauti jinsi alivyozoea: "Kinda amekufa. Huenda ni kwa sababu ya uzito wa kipokezi."

Teone, ambaye huwa hakosi mzaha, hakuwa na mzaha. Alimshika baba yake bega. "Baba, hukukusudia."

"Kinda hajui kama nilikusudia ama la."

Rereata aliinuka, akasema anakwenda kuchota maji, akaisahau ndoo. Alikwenda mpaka penye mwamba wa kutazamia bahari na kujikunyata. Mpaka saa hiyo alifikiri kosa lake ni la kinda mmoja. Sasa lilikuwa limepata miguu: limeingia kwenye daftari, na jioni lingeingia redioni, lingevuka visiwa vyote, na watu wazima wenye akili zao wangeamua mambo kwa sababu ya uongo ambao hakuna mtu aliyeutamka. Na Mjomba angelala akijiona muuaji. Mjomba aliyemfundisha kuogelea!

Alijiambia kwamba akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Ilikuwa kweli. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwamba angeweza kabisa kufanikiwa.

Saa kumi na moja na robo alipiga moyo konde, akarudi. Mjomba alikuwa kwenye banda la kazi, anafunga waya wa redio kwenye betri.

"Mjomba, usiseme redioni."

"Kwa nini, mama?"

"Kinda hakufa njaa." Aliutazama waya wa redio. "Mimi ndiye niliyemchukua. Jumanne. Shimo lina mlango mwingine, upande wa pili wa mzizi. Nilimtoa, nikauona utepe, na alikuwa mzima, Mjomba, ningeweza kumrudisha. Nilitaka kumshinda Teone. Yumo kwenye ndoo."

Alisema yote kwa mkupuo mmoja, kisha akalia kwa kwikwi mpaka kamasi zikamtoka. Mjomba Rawiri aliweka waya chini. Uso wake ulibadilika mara tatu, na ile ya kwanza ilikuwa hasira, Rereata aliiona vizuri.

"Siku tatu," alisema Mjomba. "Umeniacha nikae pale kwenye boksi..." Hakuimaliza sentensi. Alizunguka banda mara moja, akarudi, akachuchumaa mbele yake. "Nisikilize. Futa uso. Huo mlango mwingine, unajua kama ndege ameingia kwa huko?"

"Hajaingia. Niliweka vijiti. Nimevitazama asubuhi, mchana na jioni kila siku. Leo pia."

"Una hakika?"

"Hata usingizini naviona, Mjomba."

Mjomba alisimama wima. "Basi hatujachelewa! Mama! Teone! Njooni hapa!"

* * *

Bibi Ripeka alisikiliza habari yote akiwa amesimama, mikono ndani ya aproni. Rereata alilazimika kuisema tena mwenyewe, mbele ya Teone, na mara ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

"Fimbo," alisema Bibi.

Rereata alikwenda kuileta na kumkabidhi kwa mikono miwili. Bibi aliiweka juu ya rafu, akamgeukia mwanawe. "Unataka kufanya nini?"

"Kuweka kinda mwingine pale. Wa umri uleule, kutoka shimo jingine. Ndege hawa humlisha yeyote wanayemkuta shimoni mwao. Gizani hawaulizi jina."

"Na wazazi wa huyo utakayemhamisha?"

"Watakuta patupu, Mama, kama ambavyo wangekuta tungemvuna kesho. Lakini huyu mmoja ataishi. Tukishampata ndege wetu na kumvua mzigo, tutamwacha kinda hapo mpaka aruke mwenyewe."

Bibi alifikiri. "Mtoto atambeba," alisema. "Kifuani, si gunini."

Wakaenda wote wanne kabla jua halijazama. Teone ndiye aliyempata kinda wa kufaa. Rereata alimficha ndani ya sweta lake, akatembea polepole kwenye utelezi, mkono mmoja juu na mmoja chini. Kinda alimdona tumboni njia nzima, na Rereata hakulalamika. Alimwingiza kupitia mlango ule ule wa siri aliomtolea mwenzake. Kisha Mjomba akauziba mlango huo kwa jiwe na majani, na kwenye ule wa utepe akaweka kilango cha ubao mwembamba kinachosukumika kuelekea ndani tu, ili ndege akiingia asiweze kutoka.

"Kama usingeniambia habari ya mlango wa pili," alisema Mjomba akiwa bado kifudifudi, "ndege angepita huko, na ningesubiri hapa mpaka nioe mke wa pili."

"Nitamwambia mama," alisema Teone, na kwa mara ya kwanza siku ile mtu akacheka.

Redioni jioni, Mjomba alisema kwamba hana la kuripoti bado.

Kwa siku zilizofuata Rereata hakuvuna. Alinyonyoa manyoya, alichochea moto, aliosha mapipa ya nta mpaka kucha zikawa nyeusi. Teone alimletea gunia lake kila mchana bila kutaja idadi. Siku ya tatu Rereata hakuvumilia.

"Nicheke basi. Najua unataka."

"Nikucheke nini? Mwaka jana nilimvunjia bibi kikombe chake cha maua, nikamsingizia upepo. Mpaka leo anaweka boksi la babu mlangoni kwa ajili ya upepo wangu."

Rereata alimkodolea macho. "Hukumwambia?"

"Wewe nyonyoa," alisema Teone, akaondoka upesi.

Jumatatu alfajiri, Mjomba alimgusa Rereata begani. Waliondoka wote, Bibi akiwa mbele na fimbo yake ya kutembelea. Kilango cha ubao kilikuwa kimeguswa. Jani lililobandikwa juu yake lilikuwa limeanguka ndani. Mjomba alilala chini, akaingiza mkono, akapapasa, akatulia. Kisha akatoa taratibu ndege mkubwa wa kahawia, mwenye macho meusi ya hasira. Mgongoni mwake, limebanwa kwenye manyoya kwa utepe mwembamba, kulikuwa na haragwe.

"Habari yako, bwana msafiri," Mjomba alimnong'oneza. Aliukata utepe wa kipokezi kwa mkasi mdogo, na ndege akaachiwa kwenye mwamba. Alipiga mabawa mara chache juu ya mawimbi, na hawakumwona tena. Rereata aliingiza mkono shimoni. Kinda alikuwa mle, tumbo limejaa ndi!

Kibandani Mjomba aliosha kifaa, akakiunganisha na kompyuta. Iliwachukua muda, kwa sababu haragwe lilikuwa limeokota vipande vya mawimbi tu, na hesabu yote iliachiwa kompyuta. Hatimaye vitone vikaanza kuota kwenye ramani, kimoja baada ya kingine, kila robo saa kitone. Vilitoka kisiwani, vikashuka kusini, vikashuka tena, mpaka pembezoni mwa barafu.

"Mbali kote huko?" Bibi alisema. Alivaa miwani, akavifuata kwa kidole. "Baba yenu hakuwahi kufika hata nusu."

"Ndiyo maana wanakonda, Mama. Au angalau ni mwanzo wa kujua. Hapa amezunguka siku nne akitafuta. Halafu hapa, tazameni, amepata. Anageuka kurudi nyumbani."

"Lini?" Rereata aliuliza.

Mjomba alibonyeza kitone. Tarehe na saa vikatokea. Ilikuwa Jumanne ile, saa mbili na dakika kumi na tano asubuhi.

Rereata alikitazama kitone kile mpaka macho yakamwuma. Wakati yeye alipokuwa amelala chini ya mzizi na kinda mkononi, mzazi yule alikuwa kwenye maji ya barafu, tumbo limejaa, anageuza kichwa kuelekea kwa mtoto wake. Aliruka siku sita. Machozi yalimtiririka Rereata, na safari hii hakuyafuta.

Bibi Ripeka alivua miwani. Alikishika kipokezi kati ya vidole viwili, akakiweka juu ya boksi la babu, kile kidogo juu ya lile kubwa.

"Njoo hapa, mjukuu wangu," alisema. Hakumwita mke mwenza. "Hiki kidude kilikaa na habari siku zote hizo bila kusema, na hatukilaumu, kwa sababu walipokipunguza walikinyang'anya sauti. Wewe nani alikunyang'anya sauti?"

"Hakuna, Bibi."

"Hakuna. Ulikuwa na mdomo tangu Jumanne. Kosa la kumchukua kinda ni dogo, sisi wote tumewahi kukosea huku msituni. Lile la kunyamaza lilikaribia kuwapoteza watu wa visiwa vyote, na lilimfanya mjomba wako ajione muuaji. Ukikosea, sema mapema, wakati bado pana cha kuokoa. Umesema siku ya tatu, tumeokoa. Ungesema siku ya saba, tungekuwa na nini?"

"Daftari la uongo," Rereata alisema kwa sauti ndogo.

"Basi." Bibi alimfuta uso kwa ncha ya aproni. "Fimbo utaipata mwakani, tukijaliwa. Na wewe Teone, mbona umetazama chini? Kuna unachotaka kuniambia kuhusu upepo?"

Teone alikohoa, masikio yamemwiva.

Mjomba Rawiri alifungua daftari lake, akaukata kwa kalamu mstari aliouandika siku ya Alhamisi. Kisha akamsogezea Rereata daftari na kalamu. "Aliyeona kwa macho ni wewe. Andika."

Rereata alikaa kwenye boksi la babu, daftari magotini. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa shule: "Kinda wa shimo lenye milango miwili hakufa kwa uzito wa kipokezi. Alichukuliwa na Rereata, Jumanne, saa mbili na robo asubuhi. Aliuona utepe." Aliyasoma maneno yale mara mbili, akaweka jina lake chini, akamrudishia Mjomba kalamu.

Kisha akaenda kuwasha moto wa nta, kwa sababu magunia yalikuwa yanangoja.